USINGIZI WA MTOTO MCHANGA NA TAABU YA MAMA YAKE USIKU

Katika maswali yaletwayo darasani kwetu na mabibi, hakuna lirudilo mara nyingi kama hili: mtoto wangu halali usiku, nifanyeje? Na aulizaye aghlabu huwa amekwisha pewa majibu matatu au manne kabla hajafika kwetu. Mmoja amemwambia amtafutie mtoto hirizi, kwani ameingiwa na kijicho. Wa pili amemwambia kuwa maziwa yake ni mepesi, amtilie uji. Wa tatu amemnong'oneza ampe kungumanga kidogo, au kijiko kimoja cha dawa ya mafua, naye atalala kama gogo. Ama mume wake hakumwambia neno, ila amechukua mto wake akaenda kulala ukumbini.

Twaona yafaa jambo hili liandikwe kwa kituo. Mama asiyepata usingizi mwezi mzima, akili yake huchoka na moyo wake huwa mzito, na katika uchovu huo ndimo yafanywapo mambo ambayo asingeyafanya mchana akiwa na fahamu zake zote. Na sisi twasema tangu mwanzo kwamba mtoto mchanga aamkaye usiku, ikiwa ananyonya vizuri na anakua, hana la kutibiwa. Kilicho haja ya kutengezwa ni usiku wa nyumba nzima.

Kwanza tujue usingizi wa mtoto ni kitu gani, kwani wengi humpimia mtoto kwa kipimo cha mtu mzima. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza katika mwaka 2019 kwamba mtoto wa tangu kuzaliwa hata miezi mitatu hulala saa 14 mpaka 17 katika siku moja, usiku na mchana pamoja. Na wa miezi minne hata kumi na mmoja hulala saa 12 mpaka 16. Basi asemaye kuwa mtoto wake halali, aghlabu mtoto wake hulala sana, ila usingizi wake umekatwa vipande vipande na kutawanywa mchana na usiku. Naye hafanyi hivyo kwa ukaidi. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo katika majuma ya mwanzo hunyonya mara nane hata kumi na mbili kati ya alfajiri na alfajiri. Tena katika mwili wake haijawekwa bado ile saa ya ndani itambulishayo usiku na mchana. Alipokuwa tumboni alikuwa katika giza moja, na saa hiyo huanza kushika kazi anapofikia miezi miwili au mitatu.

Tena usingizi wenyewe una namna. Katika mwaka 1953 wanachuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza habari ya ule usingizi ambao macho huzungukazunguka chini ya kope. Mtu mzima huingia katika usingizi huo kwa sehemu ndogo ya usiku. Mtoto mchanga hukaa humo karibu nusu ya usingizi wake wote. Na humo hutabasamu, hukunja uso, hutupa mikono, huguna, hata hutoa kilio kifupi, naye amelala. Duru moja ya usingizi wake haipiti saa moja hivi, kisha huja juu karibu na kuamka, kisha hushuka tena. Mama mwepesi wa kusikia humwinua palepale mtoto anapoguna, akamtia titi kinywani, naye hakuwa ameamka. Ni mama aliyemwamsha! Twawaomba mabibi wajaribu jambo hili kabla ya jingine lolote: mtoto akiguna usiku, mtazame kwanza kwa kadiri ya kuvuta pumzi ishirini. Akiwa amelala, atatulia mwenyewe. Akiwa ameamka na ana njaa, hutakosa kumjua.

Na ni nini kulala usiku kucha? Madaktari wawili wa London, Moore na Ucko, waliwachungua watoto 160, wakachapisha habari zao katika mwaka 1957. Wao walihesabu kuwa mtoto amelala usiku kucha akiwa hakumwamsha mtu tangu saa sita za usiku hata saa kumi na moja za alfajiri. Saa tano, si zaidi! Na kwa kipimo hicho chepesi walikuta watoto saba katika kila kumi wamefika walipotimiza miezi mitatu, na wengine wakafuata baadaye, na mmoja katika kila kumi hakufika hata mwaka wake wa kwanza ukamalizika. Tena nusu ya wale waliokwisha tulia walirudi kuamka baada ya mwezi wa tano au wa sita. Sisi twawaambia wale mabibi ambao jirani zao huwajia na habari za watoto walalao tangu isha hata alfajiri tangu siku ya arubaini, wasivunjike moyo. Katika mwaka 2018 watafiti wa Montreal, katika Kanada, walitangaza kuwa katika watoto wa miezi sita waliowafuatia, zaidi ya thuluthi walikuwa bado hawalali saa sita mfululizo; wala hawakuona kwamba watoto hao walikuwa nyuma ya wenzao katika akili au katika viungo.

Sasa tuje kwenye yale wapewayo watoto ili walale, na hapa tutakaa kidogo, kwani ndipo penye hatari.

Kungumanga tumeikuta katika majumba yetu, na wazee wetu waliitumia kwa kudhani ni kiungo tu kama iliki na mdalasini. Lakini kungumanga si kama iliki. Ndani yake mna kitu kilevyacho, na ikizidi hupiga moyo mbio, huvuruga akili, na humtapisha mtu. Wala hilo si neno jipya lililoletwa na madaktari wa Ulaya. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyeishi Makka katika karne ya 16, aliihesabu kungumanga katika vilevyavyo, akaandika juu ya uharamu wake. Mafakihi wamezungumza juu ya kile kidogo kitiwacho chakulani kuwa kiungo, na hapa si mahali pa mazungumzo hayo. Lakini atiaye kungumanga katika kinywa cha mtoto wa miezi miwili hakusudii ladha. Akusudia kumlevya, na kadiri ya kumlevya mtoto wa ratili kumi hakuna ajuaye, wala nyanya mwenye kusugua kungumanga juu ya jiwe hana mizani ya kuipima.

Dawa za mafua na kikohozi ni vivyo hivyo, nazo zimeenea zaidi leo kwa sababu zinauzwa katika chupa nzuri zenye picha ya mtoto acheka. Nyingi kati yake zina dawa ya kuzuia mafua ambayo humletea mtu usingizi. Moja yao, promethazini, iliwekewa onyo kali na wakuu wa madawa wa Marekani katika mwaka 2004, kwamba asipewe kamwe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu wako watoto ambao pumzi zao zilizimika usingizini wakafa. Duka la dawa halikuulizi mtoto wako ana umri gani. Wewe ndiwe wa kusema.

Ama yale maji ya chupa ya kutuliza tumbo, yenye harufu ya shibiti, asili yake ni Nottingham katika Uingereza, na aliyeyatengeneza ni muuza dawa aitwaye William Woodward katika karne ya 19. Sifa yake ya kunyamazisha watoto ilikuwa kubwa, na haikuwa ajabu, kwa kuwa kwa miaka zaidi ya mia yalikuwa na kileo ndani yake! Hata kilipoondolewa katika Uingereza ilikuwa ni miaka ya 1990. Wangapi katika sisi, wana wa nyumba ambazo hazikuwahi kuingia chupa ya ulevi, tulionjeshwa kileo kwa kijiko, na mkono ulioshika kijiko ulikuwa mkono wa mcha Mungu asiyejua kusoma karatasi iliyobandikwa chupani. Yauzwayo leo kwa watoto yapasa kuwa hayana, lakini twasema: soma karatasi. Na hata yasipokuwa na kileo, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kinywani mwake ila maziwa ya mama yake.

Asali twaitaja kwa adabu, kwani Qur'ani Tukufu imetaja kuwa ndani yake mna kuponya. Lakini kila dawa ina mtu wake na wakati wake. Katika asali, hata iliyo safi ya msituni, huweza kuwamo mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda bila kujua, na tumbo la mtoto mchanga halikiwezi. Hukua humo kikatoa sumu, na mtoto akafunga choo, kilio chake kikawa dhaifu, shingo ikalegea, mpaka pumzi ikapungua. Maradhi haya kwa watoto wachanga yalitambuliwa katika California mwaka 1976. Mtoto wa namna hiyo huonekana amelala kwa utulivu mkubwa, na waliompaka asali kwenye chuchu ya mpira hufurahi. Basi asali ingoje mpaka mtoto apitishe mwaka mmoja. Na anayetaka kumfanyia mtoto wake sunna ya tahniki, tende ndiyo iliyopokewa kwa Mtume, nayo ipo madukani. Nayo ni ya kupakwa kidogo sana kwa kidole kilichooshwa, pasiwe na tonge la kumkaba.

Yabaki uji. Wenye kutia uji katika chupa ya mtoto wa miezi miwili hufikiri kuwa tumbo zito hulala. Katika mwaka 1989 madaktari wa Cleveland, Marekani, waliwagawa watoto mafungu mawili, wengine wakatiliwa nafaka katika maziwa ya usiku tangu wana majuma matano, na wengine wakangojewa mpaka miezi minne. Hapakuonekana tofauti yoyote katika usingizi wao. Ni kweli kuwa utafiti mwingine wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2018, ulikuta watoto walioanzishwa chakula tangu miezi mitatu wakilala zaidi kidogo. Lakini hiyo zaidi yenyewe haikufika dakika ishirini kwa usiku. Sisi twauliza, kwa dakika ishirini mtu amlishe mtoto uji ulioandaliwa kwa maji ya kisima na kikombe ambacho nzi amekitua? Kuharisha kwa mtoto mchanga kutamnyima mama usingizi zaidi ya hiyo.

Tumalize habari ya hirizi kwa maneno machache, kwani yamekwisha semwa mara nyingi darasani. Mtoto wa majuma sita huwa katika kilele cha kulia. Daktari Brazelton wa Marekani aliwahesabia watoto 80 vilio vyao, akaandika katika mwaka 1962 kwamba katika juma la sita mtoto wa kati na kati hulia karibu saa tatu kwa siku, na vilio hivyo hujikusanya jioni na mwanzo wa usiku. Kisha hupungua, na afikapo miezi mitatu au minne huwa vimekwisha. Wengine hukiita chango, wengine husema ni kijicho cha mgeni aliyekuja kumtazama mzazi. Sasa tazama biashara ya mganga: huitwa mtoto akiwa na majuma sita au saba, pale kilio kilipofika juu kabisa, akafunga hirizi shingoni, akachukua pesa zake, na baada ya mwezi kilio kimekwisha, kama kingalivyokwisha bila yeye. Sifa huenda kwa hirizi. Na uzi wa hirizi, tuwaambieni ukweli, ni kitanzi katika shingo ya mtoto aliyelala.

Haya yote ni ya kukataza. Yapi basi ya kufanya?

Sisi watu wa pwani hii tumepewa neema ambayo wengi hawana, nayo ni usiku ulio sawa. London wakati wa joto jua huchelewa kuchwa mpaka saa tatu za usiku, na mama hupambana na mwanga madirishani. Mombasa ipo karibu sana na mstari wa ikweta, na adhana ya magharibi haisogei hata saa moja mwaka mzima. Hiyo ndiyo saa ya mtoto. Ile saa ya ndani tuliyoitaja hufundishwa kwa mwanga na giza, basi mchana mtoto akae penye mwanga na sauti za watu. Asifungiwe katika chumba cha giza kwa siku arubaini, kama ifanywavyo katika nyumba nyingine; afunguliwe dirisha, achukuliwe uani asubuhi jua likiwa pole, asikie sufuria na mazungumzo. Akilala mchana, alale palepale penye mwanga, wala watu wasinong'one. Jua likikaribia kuchwa mambo yageuke. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, avikwe nguo nyepesi, taa ipunguzwe, sauti zishuke, anyonyeshwe, aimbiwe wimbo uleule, alazwe mahali palepale. Kila siku kwa taratibu ileile. Katika mwaka 2009 walitangazwa watafiti wa Philadelphia waliowataka mama 405 wa watoto wa miezi saba hata miaka mitatu wafuate taratibu ya namna hii kila usiku, na katika majuma mawili tu watoto wakawa wepesi wa kulala na kuamka kwao kukapungua. Ni jambo lisilo na gharama, ila lataka mtu asiyebadilisha.

Usiku wa manane akiamka kwa njaa, apewe titi. Twasema kwa nguvu, kwani wako wanaomwambia mama amnyime mtoto wa miezi miwili maziwa ya usiku ili ajifunze. Maziwa ya mama huamrishwa na kunyonywa, na kunyonywa kwa usiku ndiko kuyashikilia zaidi. Akatae usiku, baada ya majuma machache yatapungua hata ya mchana. Tena maziwa yatokayo usiku yana ndani yake kile kitu cha usingizi ambacho mwili wa mtoto bado haujui kukitengeneza. Lakini kunyonyesha kwa usiku kuwe kwa usiku! Taa ndogo, bila mazungumzo, bila kumchekesha, bila simu kuangaza usoni mwake. Nepi isiyo chafu isibadilishwe. Na akishiba arudishwe mahali pake. Na mama atakapokwenda kulala mwenyewe, tuseme saa nne, amnyonyeshe kabla hajalala hata kama mtoto hakudai, ili ule usingizi mrefu wa mtoto uangukie katika usingizi wake yeye.

Mama apunguze chai nyeusi na kahawa baada ya adhuhuri. Kidogo chake huingia katika maziwa, na mwili wa mtoto mchanga hauwezi kukitoa upesi kama wetu. Hubaki nacho kwa siku kadha. Ama miraa kwa mwenye kunyonyesha hatuna haja ya kuizungumza, jibu lake linajulikana.

Mtoto akipita miezi minne, na khasa akifika sita, lipo jambo moja la kumfunza ambalo faida yake ni kubwa: alazwe akiwa na usingizi machoni lakini hajalala. Mtoto aliyezoea kulala mikononi akibembezwa, au titi likiwa kinywani, kila duru ya usingizi ikimleta juu hutafuta ile mikono na lile titi, asipoyaona hulia. Alalaye mwenyewe mwanzo wa usiku, hurudi kulala mwenyewe katikati yake. Mara za mwanzo atalalamika. Mama akae karibu, amwekee mkono kifuani, amwimbie kwa sauti ya chini, asimwinue upesi. Na kila baada ya siku mbili tatu asogee mbali kidogo. Wako Wazungu wafungao mlango wakamwacha mtoto alie, wakirudi kumtazama kwa dakika zilizopimwa. Na watafiti wa Australia walitangaza mwaka 2016 kwamba hawakuona dhara kwa watoto waliozidi miezi sita waliofunzwa kwa namna hiyo. Hatuwalaumu. Lakini katika nyumba zetu, ukuta wa chumba ni ukuta wa jirani, na nyanya analala chumba cha pili; kilio cha dakika kumi kitaleta watu wanne mlangoni. Ile njia ya kukaa karibu na kusogea polepole ndiyo itakayowezekana kwetu, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita hiyo ya kuachwa alie haifai kabisa.

Na huyo nyanya tumemtaja. Si haki kumfanya adui, kama vijana wetu waliosoma wapendavyo kufanya. Yeye amelea watoto saba, na mikono yake ndiyo iliyomshika huyu mtoto saa ya kwanza. Lakini nyumba haiwezi kuwa na taratibu mbili. Akiwa mama amlaza saa moja na nusu, na nyanya amwamsha saa tatu kumwonyesha kwa wageni, mtoto hatajua lipi la kushika. Yampasa mtoto wa kiume aseme na mama yake kwa heshima, kabla ya ugomvi kuingia, wala asimsukumie mkewe mzigo huo wa kusema. Naye nyanya apewe kazi iliyo kubwa: amchukue mtoto asubuhi baada ya kunyonya, ili mama aliyekesha alale saa mbili.

Ama baba, na tumemwacha makusudi mpaka hapa, yeye hana la kusingizia. Wengi wetu hutoka msikitini baada ya isha tukaenda barazani, na barazani hupita saa tano, kisha mtu huingia nyumbani akawasha taa kubwa, akakohoa, akauliza chakula. Mtoto aliyekuwa amelala huamka, na mama aliyekwisha fumba macho huamka, na yeye mwenyewe baada ya kula hugeukia ukuta akakoroma. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa alichukia mazungumzo baada ya isha, na sisi hulisoma hilo katika vitabu vya fiqhi tukapita. Ikiwa baba atarudi nyumbani kutoka isha, akamchukua mtoto akamweka begani acheue, akambadilisha nepi, akatembea naye ukumbini mpaka saa nne, na mama amelala tangu saa mbili, basi mama huyo ataanza usiku wake wa manane akiwa tayari ana saa mbili za usingizi zisizokatwa. Hatujui kungumanga iliyompa mtu faida ya namna hiyo. Na mwezi wa Ramadhani jambo hili huzidi uzito, kwa maana nyumba nzima hugeuza usiku kuwa mchana: tarawehe, kisha vyakula, kisha wageni, kisha daku. Chumba kimoja katika nyumba kiachwe katika giza na ukimya kwa ajili ya mtoto, hata katika mwezi huo.

Juu ya mahali pa kulala twasema kwa ufupi, lakini lishikwe. Mtoto alale chali, wala si kifudifudi. Uingereza ilipoanza kuwafundisha wazazi hivyo katika mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua zaidi ya nusu katika miaka michache. Godoro liwe gumu. Mto wa usufi, hata mdogo uliotariziwa kwa mkono wa shangazi, uondolewe, kadhalika mablanketi mazito. Katika Kaskazi mtoto wa Mombasa kanga moja nyepesi yamtosha, na kumfunika sana ni kumdhuru. Akifungwa kwa kanga, miguu iachiwe nafasi ya kukunjika, na akianza kujigeuza asifungwe tena. Chandarua ni lazima. Mama asimnyonyeshe usiku akiwa amekaa kwenye kochi, kwani usingizi ukimshika hapo mtoto hutelezea katika pembe za mito akakosa pumzi. Wala pasilazwe mtoto penye moshi: baba avutaye sigara akae mbali, na chetezo cha udi au jiko la makaa la kumkanda mzazi litolewe chumbani kabla mlango haujafungwa. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hiyo haibagui mama na mtoto.

Sasa yuko mtoto wa namna nyingine, ambaye hakuna aletaye habari zake darasani kwa sababu nyumba nzima humsifu. Ana siku tano, hulala mchana na usiku, halii, hadai titi. Watu husema huyu mpole. Huyo ndiye wa kuogopwa zaidi ya mliaji. Mtoto aliye katika majuma yake mawili ya mwanzo, ambaye hajarudia ule uzito aliozaliwa nao, haachwi kulala zaidi ya saa tatu au nne bila kunyonyeshwa. Huamshwa kwa kuvuliwa nguo na kusuguliwa nyayo. Akiwa macho yake na ngozi yake vimeingia manjano, au hawezi kuamka akanyonya, au nepi zake zi kavu, apelekwe hospitali siku ileile. Na mtoto wa umri wowote mwenye homa, au apumuaye mbio, au ambaye utosi wake umevimba au umebonyea, au akataaye titi, au alegeaye, au apatwaye na degedege, kilio chake au usingizi wake si mambo ya taratibu za usiku. Degedege si ndege wala si babu wa loho. Huenda likawa ni malaria kichwani, au uvimbe wa utando wa ubongo, na kila saa ipotezwayo katika kungoja mganga afike na kafara yake ichinjwe ni saa iliyoondolewa katika umri wa mtoto. Achukuliwe usiku ule ule, na titi aendelee kupewa njiani akiweza kulishika, na yule aliyempa kungumanga au dawa ya dukani amwambie daktari wazi alimpa nini na kiasi gani, hata kama ataona haya.